Usiku wa mwisho London na binti yangu, tukimtafuta muuaji

Tiketi alinunua mdogo wangu, bila kuniuliza. Mimi nilitaka usiku ule wa mwisho tukae nyumbani kwake, tupange nguo za binti yangu kabatini, tule wali, tulale mapema. Ndege yangu ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa kesho yake jioni. Binti yangu hakuwa na tiketi ya kurudi. Yeye alikuwa anabaki.

“Dada, tukikaa ndani tutalia tu,” mdogo wangu akasema. “Twendeni tukamtafute muuaji.”

Binti yangu ana miaka 16. Amepata nafasi ya kusoma London kwa miaka miwili na anaishi kwa mama yake mdogo, Barking, mashariki mwa jiji. Kwa miezi kadhaa nilihangaika na viza, vipimo vya kifua kikuu na ada, nikajisahaulisha jambo moja: kwamba mwisho wa mbio zote hizo ni mimi kumwacha mwanangu kwenye nyumba isiyo yangu.

Mchezo tuliokwenda kuutazama unaitwa The Mousetrap, yaani mtego wa panya. Mwandishi wake ni Agatha Christie, yule mama wa Kiingereza aliyeandika hadithi za mauaji na upelelezi zikasomwa dunia nzima. Ulianza kuonyeshwa London tarehe 25 Novemba 1952, na haujaondoka jukwaani tangu hapo, ukitoa miezi 14 ya corona, kuanzia Machi 2020 hadi Mei 2021. Hakuna mchezo mwingine wa jukwaani ulioonyeshwa kwa muda mrefu kama huo. Mwenyewe Agatha alikisia utadumu miezi minane.

Tulipanda treni Barking, tukabadilisha Embankment, tukashuka Leicester Square. Ukitoka tu kituoni, pale kwenye kona, kuna sanamu ya shaba yenye umbo la kitabu kikubwa, na katikati yake kichwa cha Agatha. Binti yangu akasimama apigwe picha. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache hadi West Street, mtaa mfupi ambao usingeujali kama si yale maandishi mekundu yanayowaka juu ya ukumbi wa St Martin's.

Ukumbi wenyewe ni mdogo, una viti 550 hivi, na kuta zake za mbao zimepigwa msasa na rangi ya vanishi hadi zinang'aa kama kabati la bibi. Ulifunguliwa mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Mchezo ulihamia hapo mwaka 1974 kutoka ukumbi wa jirani kabisa, Ambassadors. Mlangoni kuna ubao wenye namba inayobadilishwa kila onyesho. Namba hiyo sasa imevuka 30,000. Binti yangu akaihesabu kwa sauti, kisha akaniuliza kama waigizaji ni walewale. Nikacheka. Wanabadilishwa, lakini ndani ya pazia kuna kitu kimoja ambacho hakijabadilishwa tangu 1952: saa iliyo juu ya meko ya sebuleni.

Viti vyetu vilikuwa juu kabisa, vile vya bei nafuu, ambako magoti yanagusa mgongo wa aliye mbele yako. Pembeni yetu walikaa bibi mmoja wa Kiingereza na wajukuu zake wawili. Akaninong'oneza kwamba yeye aliletwa hapo na mama yake akiwa mtoto, na kwamba hajawahi kumwambia mtu yeyote muuaji ni nani. Wala mimi sitakuambia. Huo ndio utaratibu wa mchezo huu, na nitaueleza mbele.

Taa zikazimika. Kwenye giza ukasikika wimbo wa watoto wa Kiingereza, ule wa panya watatu vipofu, halafu ukelele. Kisha redio ikatangaza kwamba mwanamke mmoja ameuawa London, na kwamba polisi wanamtafuta mtu aliyeonekana karibu na hapo, amevaa koti jeusi, skafu ya rangi nyepesi na kofia laini.

Pazia likafunguka tukaona sebule ya nyumba kubwa ya mashambani. Mke na mume vijana, Mollie na Giles, wamerithi nyumba hiyo na leo ndiyo siku ya kwanza ya kuifanya ya wageni. Hawajui kazi. Nje theluji inaanguka. Wageni wanaingia mmoja mmoja, na zaidi ya mmoja wao amevaa koti jeusi na skafu nyepesi. Hapo ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kumshuku wa kwanza.

Kuna kijana asiyetulia anayejiita jina la mjenzi maarufu wa makanisa. Kuna mama mkorofi ambaye haridhiki na kitu: chumba kina baridi, chakula hakifai, mwenye nyumba ni mtoto mdogo. Kuna mwanajeshi mstaafu mpole kupita kiasi. Kuna dada aliyevaa kiume, mkavu wa maneno. Kuna mzee wa kigeni ambaye hakuwa na nafasi iliyohifadhiwa, anadai gari lake limekwama kwenye theluji. Halafu polisi anafika akiteleza juu ya vibao vya theluji, barabara zimefungwa, na muda si mrefu simu nayo inakatika. Mtego umefungwa na panya wote wamo ndani.

Wakati wa mapumziko mdogo wangu alinunua aiskrimu za vikopo, tukala palepale kwenye viti kama wanavyofanya wengine, tukibishana. Yeye alimtaja mzee wa kigeni. Mimi nilimtaja mwanajeshi, maana mtu mpole namna ile haniingii akilini. Binti yangu alinyamaza akilamba kijiko.

“Wote wanadanganya kitu,” akasema mwishowe. “Hata mume na mke.”

Alikuwa amekishika kiini cha mchezo kabla yangu. Mimi nilidhani ni fumbo tu, la kutafuta nani kafanya. Lakini angalia mwaka. Ni miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili. Mamilioni ya watu wametoka makwao: wengine jeshini, wengine viwandani, wengine nyumba zao zimebomolewa na mabomu. Kijiji cha zamani, ambako kila mtu alimjua baba na babu wa jirani yake, kimevurugika. Sasa mtu anakuja na koti lake na jina lake, na unalazimika kumwamini. Mpelelezi anamuuliza Mollie anajua nini hasa kuhusu maisha ya mumewe kabla ya ndoa. Wana mwaka mmoja wa ndoa. Mollie anafungua mdomo, hana la kusema.

Hata njaa ya vita ilikuwa haijaisha mchezo ulipoanza. Majani ya chai yalikuwa yametolewa kwenye mgao Oktoba 1952, mwezi mmoja tu kabla, na nyama ilibaki kwenye mgao hadi Julai 1954. Yule mama mkorofi anapolalamikia huduma, watazamaji wa wakati ule walijua mwenye nyumba anahangaika na nini jikoni.

Ila mzizi wenyewe uko chini zaidi, na ndio ulioniondolea utamu wa aiskrimu. Mapema kabisa mchezoni, bila kuharibu siri yoyote, unaambiwa kwamba mauaji haya yanahusu shamba moja la jirani. Wakati wa vita watoto watatu wa familia moja walipelekwa kuishi kwenye shamba hilo. Walitendewa ukatili. Mmoja akafa.

Asubuhi ya siku hiyohiyo tulikuwa tumetembelea Imperial War Museum, jumba la makumbusho ya vita, kusini mwa mto Thames. Kuingia ni bure, na mzazi mwenye watoto wakubwa asilikose. Nilisimama muda mrefu mbele ya vitu vya watoto wa vita. Tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla Uingereza haijatangaza vita, serikali ilianza kuwaondoa watoto mijini kwa kuhofia mabomu. Katika siku chache za mwanzo watu wapatao milioni 1.5 walihamishwa, wengi wao watoto wa shule waliosafiri na walimu wao bila wazazi. Walifungiwa kikaratasi chenye jina kwenye koti. Walibeba kinyago cha kuzuia gesi ya sumu ndani ya boksi. Wakifika kijijini waliwekwa kwenye ukumbi, wenyeji wakaja kuchagua: nitamchukua huyu, na yule. Mwenyeji alilipwa na serikali shilingi 10 na senti 6 za Kiingereza kwa wiki kwa mtoto mmoja, na shilingi 8 na senti 6 kwa kila mtoto akichukua zaidi ya mmoja.

Wengi walipendwa. Wapo waliokaa na familia zile kama ndugu maisha yao yote. Agatha mwenyewe, nyumba yake ya Greenway huko Devon ilikaliwa kwa muda na watoto wadogo walioondolewa London. Lakini mfumo ule ulitegemea kwamba kila anayefungua mlango wake ni mtu mwema.

Na mtoto aliyemfanya Agatha aandike hadithi hii alikuwapo kweli. Aliitwa Dennis O'Neill, kutoka Newport, Wales. Hakuwa mtoto wa kukimbia mabomu. Yeye na wadogo zake walichukuliwa na halmashauri kutoka kwa wazazi wao kwa sababu ya kutotunzwa, na mwaka 1944 Dennis na mdogo wake Terence wakapelekwa kwa mke na mume wenye shamba huko Shropshire. Nyumba haikukaguliwa ipasavyo. Vita vilikuwa vimemaliza wafanyakazi, na mawasiliano kati ya halmashauri mbili zilizohusika yalikuwa mabovu. Desemba mfanyakazi mmoja wa halmashauri alifika, akaona mtoto yuko katika hali mbaya, akatoa taarifa kwamba aondolewe. Ikaja Krismasi. Tarehe 9 Januari 1945 Dennis akafa kwa kipigo na njaa. Alikuwa na miaka 12.

Vita vilikuwa bado vinaendelea, lakini magazeti yalijaa habari ya mtoto huyo. Mwanaume alifungwa miaka sita, mkewe miezi sita. Uchunguzi uliongozwa na Sir Walter Monckton, ikafuata kamati, na hatimaye sheria ya watoto ya mwaka 1948 iliyoilazimisha kila halmashauri kuwa na ofisa wa kufuatilia watoto waliowekwa kwa walezi. Terence alikua akawa mtu mzima, na mwaka 2010 akatoa kitabu chake mwenyewe kuhusu shamba lile.

Mwaka 1947 Malkia Mary, bibi wa Elizabeth aliyekuja kuwa Malkia, alitimiza miaka 80. BBC ikamuuliza angependa zawadi gani redioni. Akataka kitu cha Agatha Christie. Agatha akaandika mchezo wa nusu saa, ukapewa jina la ule wimbo wa panya watatu vipofu. Kwa hiyo zawadi ya siku ya kuzaliwa ya bibi mmoja wa kifalme ilitokana na kisa cha mtoto ambaye hakuna aliyefika kumchukua kwa wakati. Sijui mtu anawezaje kuyashika mambo hayo mawili mkono mmoja, lakini Agatha aliweza. Ukiutazama mchezo unacheka, na chini ya kicheko kuna jambo halijalipwa.

Mchezo ulipopanuliwa kuwa wa jukwaani, Agatha alimpa mjukuu wake Mathew haki zote za mapato, zawadi ya kutimiza miaka tisa. Baba wa Mathew aliuawa vitani Normandy, Agosti 1944, mtoto akiwa hajatimiza hata mwaka.

Miaka tisa. Mimi nilikuwa na miaka tisa nilipopelekwa kuishi kwa ndugu, mji mwingine, ili nisome shule nzuri. Hakuna aliyenipiga hadi kufa, na nisikuze mambo. Niliamshwa saa kumi alfajiri kuchota maji na kukaanga maandazi ya kuuza, nikafika shuleni nasinzia. Nilikula baada ya wote, kilichobaki. Barua zangu zilisomwa kabla ya kutumwa. Mama yangu alikuja mara mbili kwa mwaka na zawadi, akakaribishwa sebuleni, akaniuliza mbele ya wenyeji wangu: “Mwanangu, unakaa vizuri?”

Nikamjibu, “Nakaa vizuri, mama.” Ningejibu nini?

Nilikaa pale miaka mitatu. Mama alifariki bila kujua.

Basi sehemu ya pili ya mchezo sikuitazama vizuri kama ya kwanza, ingawa inakwenda kasi na kuna mahali ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja, na bibi wa pembeni, aliyejua kila kitu, akamshika mjukuu wake mkono. Muuaji alipojulikana binti yangu aliruka kitini. Mimi nilikuwa nimekosea. Mdogo wangu pia alikosea, na anadai hadi leo kwamba alitaka kubadilisha jibu.

Baada ya makofi mwigizaji mmoja alisogea mbele akatuomba tuitunze siri hiyo mioyoni mwetu. Wanafanya hivyo kila usiku. Agatha alisaidia kuilinda: hadithi fupi aliyoiandika kutokana na mchezo wa redio ilichapwa Marekani, lakini akakataa isichapwe Uingereza maadamu mchezo unaendelea, na mkataba ukazuia filamu hadi miezi sita baada ya mchezo kukoma London. Haujakoma.

Kwa wanaouliza kama watoto wanaweza kuutazama: hakuna damu wala matusi, na ukijumlisha mapumziko unachukua zaidi ya saa mbili. Mimi ningempeleka mwenye miaka kumi na kuendelea, anayekielewa Kiingereza cha haraka. Ningemwambia kabla kuhusu wale watoto wa shambani, asije akakutana nao gizani peke yake.

Tuliposhuka Barking ilikuwa karibu saa tano usiku. Mdogo wangu akasema anapitia dukani kununua maziwa, sisi tutangulie. Nikabaki njiani na binti yangu.

“Nikikuuliza kwenye simu kama unakaa vizuri, utaniambia ukweli?”

Hakujibu haraka. “Mama mdogo ni mzuri, mama.”

“Sijauliza kuhusu yeye.”

Akawaza. “Nitakuambia. Lakini si kama mtu amekaa pembeni.”

Hilo jibu nililisubiri tangu nikiwa na miaka tisa, ila aliyepaswa kulitoa nilikuwa mimi. Nikamsimulia kuhusu maandazi, tukiwa tumesimama chini ya taa ya barabarani. Alikuwa hajawahi kulisikia. Aliuliza swali moja tu: kwa nini sikumwambia bibi walipokuwa wawili. Nikamwambia hatukuwahi kuachwa wawili.

Mdogo wangu naye nilimsimulia usiku huohuo jikoni, mtoto ameshalala. Yeye alikuwa mdogo sana wakati ule, alibaki nyumbani na mama. Alikaa kimya akizungusha kijiko kwenye kikombe ambacho chai yake ilishapoa. Niliogopa ataona ninamfananisha na wale.

“Dada,” akasema, “muulize. Muulize nikiwa sipo. Kila Jumapili nitatoka nusu saa niende sokoni. Mimi usiponiuliza ndiyo utanikera.”

Tulikubaliana pia neno la siri, wazo la binti yangu, kwa siku ambazo hawezi kuwa peke yake. Mimi namuuliza panya wako wangapi. Kama mambo ni sawa, anataja watatu. Akitaja namba nyingine yoyote, mimi napiga tena baadaye, na nisipompata namtafuta mtu mwingine tuliyemwandika kwenye karatasi: mwalimu wake, na rafiki yangu mmoja anayekaa upande wa pili wa jiji.

Jumapili iliyopita nilipiga simu ya picha. Nyuma yake nikamwona mama yake mdogo amejifunika kanga, anakata vitunguu, hakwenda sokoni kwa sababu ya mvua. Tukasalimiana wote, akanipa habari za kazini, akalalamikia bei ya umeme.

“Panya wangapi?” nikauliza.

“Watatu, mama. Na uniletee soksi nzito yeyote akija.”

Jikoni mdogo wangu akacheka bila kugeuka.